Dar hadi Mwanza kwa baiskeli, watu wawili, kuchangia madawati: mwongozo kamili

Barabara kuu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, ina takriban kilomita 1,150, na yote ni lami. Kwa marafiki wawili wenye afya ya kawaida na baiskeli zilizokaguliwa vizuri, ni safari ya siku 16 hadi 18, mapumziko yakiwemo. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kuipiga njia hiyo kuchangisha fedha. Mfano tunaoutumia ni madawati ya shule ya msingi, ila hesabu hazibadiliki hata mkichangia matundu ya vyoo au taulo za kike.

Kwa nini njia hii na si ile ya Iringa na Mbeya? Ile inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na nyati hajui kama umevaa fulana ya hisani. Sababu ya pili ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, nanyi mnaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo siku nyingi mtasukumwa mgongoni. Wanaoanzia Mwanza kwa sababu wanataka kumalizia ufukweni hupigana na upepo huohuo usoni, na katika mikoa ya Dodoma na Singida si upepo wa mzaha. Miezi hiyo pia ni ya kiangazi. Mkichelewa hadi Desemba mtakuta mvua za kanda ya kati zimeanza. Tena Kanda ya Ziwa baiskeli ni chombo cha kazi kila siku, hivyo hata kwenye vituo vidogo hamtakosa fundi mwenye tyubu, spoku na golori.

Fedha kwanza

Anzeni miezi mitatu kabla. Watu huanza na baiskeli kwa sababu ndiyo tamu, kisha wanatangaza michango wiki moja kabla ya kuondoka na kuambulia fedha za ndugu wa karibu tu.

Mtafuteni mnufaika na mzungumze na mwenye mamlaka. Kwa shule ya serikali si mwalimu mkuu peke yake: kuna kamati ya shule na kuna halmashauri, ofisi ya mkurugenzi na afisa elimu msingi. Pateni barua yenye mhuri inayosema shule ina upungufu wa madawati mangapi, ni ya aina gani (ya mbao tupu, au ya chuma na mbao, ya kukalia watoto wawili au watatu), nani atayapokea na yatakaguliwa vipi. Barua hiyo mtaitumia mara mbili. Kwanza kwa wachangiaji, kisha njiani, mkifika kituo cha polisi au ofisi ya kijiji na kuulizwa mnatoka wapi na mnataka nini. Ulizeni hukohuko halmashauri kama kuna kibali cha kuchangisha mnachopaswa kuwa nacho, na mkichukue kabla ya kuchapisha bango lolote.

Halafu nendeni kwa mafundi seremala wawili, kila mmoja awape ankara kifani ya dawati moja. Bei hiyo ndiyo kipimo cha kampeni nzima. "Tunatafuta milioni sita" haimwambii mtu kitu, ila "tunatafuta madawati 60 na moja ni kiasi hiki" humfanya mtu aseme basi mimi nachukua mawili.

Fedha za safari na fedha za madawati zisichanganyike hata siku moja. Gharama zenu za gesti, chakula, vipuri na nauli ya kurudi zitoke mfukoni mwenu au kwa mfadhili aliyeambiwa wazi kwamba analipia safari. Swali la kwanza la mchangiaji yeyote mwenye akili ni kama hela yake imenunua dawati au supu, na jibu linapaswa kuwa fupi. Vitu mlivyopewa bure, kama tyubu au usiku mmoja wa malazi, viandikeni pembeni kama msaada wa vitu. Msivijumlishe kwenye kiasi kilichochangwa.

Michango iingie kwenye akaunti ya shule au ya shirika lililosajiliwa, na namba ya kulipia kwa simu iwe kwa jina la taasisi hiyohiyo. Mtu anapotuma fedha kwa simu huona jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha muamala. Akiona jina la mtu binafsi asiyemjua, wengi huishia hapo. Ondoeni makato ya miamala kwenye hesabu mnayotangaza, la sivyo mwishoni madawati mawili matatu yatapotea na hakuna atakayejua yamekwenda wapi.

Ahadi za kwa kilomita zina mtego wake. Mtu akisema shilingi 100 kwa kilomita, ni shilingi 115,000 kwa safari nzima. Akisema 1,000 kwa kuona ni kidogo, ni milioni moja na laki moja na nusu, na hatailipa. Mfanyieni hesabu palepale mbele yake na muandike kikomo. Pia msisubiri Mwanza ndipo mdai. Gaweni njia vipande vinne, Dodoma, Singida, Nzega na Mwanza, na kila mkifika mtumieni mtu ujumbe wa kiasi chake cha kipande hicho. Mtu hulipa kwa wepesi safari ikiwa bado ya moto.

Makubaliano ya wawili

Urafiki wa mtaani haujajaribiwa na siku ya tano ya joto na maumivu ya makalio. Kaeni chini mkubaliane mambo machache na myaandike, hata kama mtaona mnajifanya.

Mwendo ni wa aliye nyuma. Hili husemwa na wote na kuvunjwa na wote, kwa sababu mwenye nguvu akisubiri dakika kumi kivulini huondoka mara mwenzake anapofika, na aliyechoka hapati mapumziko kamwe. Kanuni inayofanya kazi ni hii: aliyechoka ndiye aendeshe mbele asubuhi, na aliyefika wa mwisho ndiye aamue lini mnaondoka. Mkiachana, mtangulizi asipite makazi yenye watu bila kusimama na kuonana na mwenzake uso kwa uso. Simu isitegemewe, maana kuna vipande visivyo na mtandao.

Mmoja ashike fedha za matumizi na mwingine aandike daftari, na mbadilishane Dodoma na Singida. Kila mmoja awe na akiba yake ya nauli ya basi ambayo haiguswi. Amueni mapema: mmoja akiugua, mwingine anaendelea peke yake au safari inaahirishwa? Na wachangiaji wameambiwa nini kuhusu hilo? Jibu lolote ni sawa ilimradi lilitolewa kabla, si mkiwa kitandani pa zahanati.

Baiskeli

Baiskeli zenu ziwe na ukubwa mmoja wa gurudumu na aina moja ya valvu. Hapo tyubu za akiba ni za wote, tairi la akiba ni moja, pampu zinaingiliana. Mmoja akiwa na valvu nene kama ya gari na mwingine ile nyembamba ya kulegeza nati, mmeshajiongezea mzigo bila faida.

Inchi 26 ndiyo chaguo la busara. Baiskeli za mtumba za milimani za ukubwa huo zimejaa, na tairi zake zinapatikana miji yote ya njiani. Baiskeli nyembamba za mashindano ni nyepesi na za haraka, ila tairi lake likipasuka Manyoni mtalisubiri lije na basi. Phoenix, kwa upande wake, haisumbui na kila fundi anaijua, lakini ni nzito na haina gia, na vilima vya Gairo na Saranda mtavisukuma kwa miguu.

Tafuteni fremu ya chuma. Sumaku ikinata ni chuma. Ikipata ufa, fundi yeyote wa kuchomelea mageti ataiunga kwa nusu saa. Ya alumini haiungiki barabarani. Kagueni kwa kucha na tochi sehemu tatu: chini ya shingo ya usukani, pale bomba la siti linapokutana na fremu, na pale keria inapofungwa. Ufa huanza kama mstari mwembamba kwenye rangi.

Mwezi mmoja kabla, pelekeni kwa fundi na msimame hapo akifanya kazi. Afungue habu zote mbili na ekseli ya pedali, asafishe golori, abadilishe zilizopoteza mng'aro na aweke grisi mpya. Cheni ipimeni kwa rula: kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake, yaani viungo 12 kamili, inatakiwa kuwa milimita 305 kwa cheni mpya. Ikifika 306.5 ibadilisheni. Ikifika 308 friwili (seti ya gia za nyuma) nayo imekwisha, na mkiweka cheni mpya juu yake itaruka meno kila mnapokanyaga kwa nguvu mlimani. Kwa gia, ile ndogo ya mbele iwe na meno 22 hadi 26 na ile kubwa ya nyuma isipungue meno 28, ikiwezekana 32 au 34.

Tairi mpya za upana wa inchi 1.75 hadi 1.95, zenye uso usio na meno makubwa. Zenye meno ya matope hunguruma kwenye lami na kula nguvu zenu siku nzima. Upepo uwe psi 45 mbele na 55 nyuma, au kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi kama ni kidogo zaidi. Pimeni kila asubuhi.

Siti: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukihamia kwenye unyayo wa mbele goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Goti likiuma kwa mbele, siti iko chini. Likiuma kwa nyuma, iko juu. Badilisha nusu sentimita tu kwa siku.

Mzigo

Kila mmoja asizidi kilo 14, maji ukiyatoa. Nguo mbili za kuendeshea, moja ya jioni, sweta (Singida usiku wa Julai ni baridi kweli), koti jepesi la mvua, chandarua, shuka, sabuni, dawa, chaja na betri ya akiba, nakala ya barua na kitambulisho cha NIDA. Vilivyo vizito vikae chini na karibu na ekseli ya nyuma. Mkivirundika juu ya keria baiskeli itayumba mkishuka mlima. Fungeni kwa mipira ya tyubu iliyokatwa, haina mpinzani: haifunguki kwa mtikisiko, na kipande kikikatika mnapata kingine kwa fundi yeyote. Boliti za keria hulegea zenyewe, hivyo zikazeni kila jioni na mbebe nne za akiba.

Zana za wote wawili: spana za kufungulia magurudumu, funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, bisibisi, koleo dogo, vyuma vitatu vya kutolea tairi, viraka 20, mirija miwili ya gundi, msasa, kifaa cha kukatia cheni na viungo vinne, spana ya spoku, kifungulio cha friwili kinacholingana na friwili yenu, waya wa breki na wa gia, raba nne za breki, tyubu nne, tairi moja linalokunjika, mafuta ya cheni, utepe wa umeme, waya mwembamba wa kufungia. Pampu iwe moja kwa kila mtu. Spoku nane, nne za upande wa cheni na nne za upande wa pili, maana urefu hutofautiana, zifungeni kwa utepe kwenye bomba la fremu.

Mazoezi

Wiki nane zinatosha kwa mtu anayeanza. Siku mbili za katikati ya wiki, saa moja hadi moja na nusu kila moja. Jumamosi ndefu: anzeni na kilomita 30, ongezeni kama 10 kila wiki hadi 90. Wiki ya sita na ya saba endesheni Jumamosi na Jumapili mfululizo mkiwa na mzigo kamili, kwa sababu mwili haujui safari ndefu mpaka uamke na uchovu wa jana. Dar hadi Bagamoyo na kurudi ni kipimo kizuri. Wiki ya mwisho pumzikeni. Zoeeni kuzungusha pedali haraka kwa gia nyepesi, kama mizunguko 80 kwa dakika. Kukanyaga gia nzito polepole kunaonekana kishujaa na kunaua magoti.

Njia yenyewe

Msianzie katikati ya jiji. Pandisheni baiskeli kwenye gari hadi Kibaha, au ondokeni Jumapili alfajiri. Siku ya kwanza lengeni Chalinze, ya pili Morogoro. Kipande hiki kina malori mengi kuliko kingine chochote, kwa kuwa ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yote yanapita hapa hadi Morogoro.

Kutoka Morogoro hadi Dumila, kupitia Dakawa, ni tambarare. Laleni Dumila hata kama mna nguvu, kwa sababu kesho ni kupanda hadi Gairo, na mlima huo si wa kuanza saa sita mchana. Baada ya Gairo kuna Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi na chakula cha uhakika, kisha Dodoma. Mtakuwa mmeshafanya kama kilomita 450, takriban siku sita. Pumzikeni siku nzima na mkague spoku zote.

Dodoma hadi Bahi mnashuka ndani ya Bonde la Ufa. Laleni Bahi. Kutoka hapo hadi Manyoni mnapanda ukuta wa bonde hilo, mita mia nne hivi, na Saranda ndipo pagumu. Vukeni kabla ya saa nne asubuhi. Manyoni hadi Ikungi ni kipande cha vichaka na makazi ya mbalimbali, kwa hiyo bebeni lita nne kila mmoja. Singida ni siku ya pili ya mapumziko, na kuku wa kienyeji huko hahitaji kutangazwa.

Baada ya Singida kuna nyanda za Iramba, halafu mteremko wa Sekenke kuelekea Shelui. Simameni juu kabla ya kushuka. Angalieni raba za breki: mifereji yake ikiwa imefutika, badilisheni hapohapo. Shukeni mmoja mmoja, nafasi ya mita 50, mkibana na kuachia breki ya nyuma na ya mbele kwa kupokezana. Mkibana mfululizo rimu hupata moto na tyubu hupasuka, na kona za Sekenke zimeangusha malori, sembuse baiskeli. Chini ni tambarare ya Wembere, joto na upepo, hadi Igunga.

Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga: siku mbili au tatu za barabara iliyonyooka. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kilomita 165 hivi kupitia Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha Misungwi na Usagara. Zigaweni siku mbili. Tamaa ya kumaliza kwa siku moja ndiyo inayoangusha watu Usagara jioni, kwenye foleni ya magari, wakiwa wamechoka na giza linaingia.

Barabarani

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwanga ukiwa umetosha. Kadiri mnavyokwenda magharibi jua linachelewa, Mwanza ni kama dakika 20 nyuma ya Dar. Muwe mmefika ifikapo saa nane mchana. Usiku msiendeshe kabisa.

Fuataneni mmoja nyuma ya mwingine, nafasi ya mita tano. Kila mmoja awe na kioo cha kuonea nyuma upande wa kulia na kizibao cha kuakisi mwanga. Lori likija nyuma na jingine mbele, na yatakutana usawa wenu, shukeni kwenye changarawe kabla hayajafika. Msingojee honi. Lami mara nyingi ina ukingo ulioinuka sentimita kadhaa juu ya udongo. Kushuka ni rahisi, ila kurudi kwa pembe ndogo hubana gurudumu la mbele na kukutupa barabarani mbele ya gari. Simama kabisa, inua baiskeli, kisha panda. Semitrela likipita hukusukuma nje, halafu likishapita hewa hukuvuta ndani. Shikeni usukani kwa mikono yote miwili kila mnaposikia mngurumo. Vipokea sauti vya masikioni acheni nyumbani.

Mahali penye matangazo ya safari wekeni picha za jana. Msitangaze mnalala wapi usiku wa leo. Mkifika kijiji kisicho na gesti, nendeni kwa afisa mtendaji wa kijiji na barua yenu kabla ya kutandika popote. Mara nyingi mtapewa darasa au uwanja wa zahanati.

Kula na kunywa

Chai na chapati mbili na maharage kabla ya kuondoka, kisha kitu kidogo kila dakika 45 hata kama hamna njaa: kashata ya karanga, ndizi, tende tatu. Ukisubiri njaa umechelewa. Mlo mkubwa wa wali au ugali uwe baada ya kufika. Jioni protini, maharage au samaki au nyama, misuli ijijenge.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa kwenye joto. Mkojo wa njano iliyokolea ni onyo. Maji matupu siku nzima hayafai, chumvi inayotoka na jasho lazima irudi. Kwa lita moja ya maji safi wekeni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Nusu, si kimoja. Mwenzako akianza kuongea visivyoeleweka, au ngozi ikawa ya moto na jasho limekata, msiendelee: kivuli, maji ya kumwagia mwilini, upepo, na gari la kwanza kuelekea kituo cha afya. Kuhara maana yake siku hiyo hamwendi popote.

Kaptula ya kuendeshea huvaliwa bila chupi, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochuna. Paka mafuta ya mgando, fua kila jioni. Kidonda cha makalio kimemaliza safari nyingi kuliko malaria. Kuhusu malaria, muulizeni daktari dawa ya kinga kabla ya kuondoka, na laleni ndani ya chandarua.

Kinachoharibika, na kwa nini

Pancha nyingi za barabara kuu hazitokani na miba. Ni nyuzi za chuma kutoka tairi za malori zilizopasuka, nyembamba kama unywele, urefu wa nusu sentimita. Jicho haliuoni. Ukibadilisha tyubu bila kuutoa, pancha inarudi baada ya kilomita mbili.

Kwa hiyo: weka valvu usawa wa maandishi ya tairi tangu mwanzo. Ukipata pancha, toa tyubu, jaza upepo, tafuta tundu, kisha ilaze juu ya tairi vilevile ilivyokuwa, na tundu litakuonyesha mahali pa kutafuta. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi polepole, pande zote mbili za mzunguko. Kitanasa kwenye waya kabla kidole hakijachomwa. Uchomoe kwa koleo. Kwaruza tyubu kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka hadi mng'aro uishe, na ule mstari ulioinuka wa kiwandani usawazishe kabisa, la sivyo upepo utapenya kandokando yake. Paka gundi nyembamba. Subiri dakika tano, hadi ukiigusa ukingoni hainati kidoleni. Hapa ndipo wengi huharibu: hubandika gundi ikiwa mbichi. Bandika, gandamiza kwa mgongo wa kijiko, rudisha, jaza kidogo, zunguka ukikagua tyubu haijabanwa chini ya ukingo wa tairi, ndipo ujaze kamili.

Matundu mawili yaliyopangana kama ya kuumwa na nyoka si waya wala mbigili. Tairi lilikuwa na upepo mdogo na likagonga ukingo wa lami au shimo.

Tairi likichanika ubavuni, weka ndani kipande cha tairi kuukuu au cha chupa ya plastiki laini, kubwa kuliko mchaniko pande zote, na uendeshe kwa upepo uliopungua hadi mji unaofuata.

Spoku hukatika nyuma, upande wa cheni, karibu kila mara. Upande ule spoku zimesimama zaidi na zimekazwa zaidi ili kutoa nafasi ya friwili, na mzigo wote uko hapo. Kuibadilisha lazima friwili itoke, ndiyo maana ya kile kifungulio. Spana kubwa ya kukizungusha mtaazima kwa fundi. Kama hamna muda, zungushia kipande kilichovunjika kwenye spoku jirani, legeza spoku mbili za karibu nusu mzunguko mpaka rimu iache kugusa breki, na muende taratibu. Spoku mbili zikikatika siku moja, gurudumu zima linahitaji kukazwa upya. Msiendelee kubadilisha moja moja.

Cheni ifutwe na kupakwa mafuta kila siku ya pili, tone moja kwa kila kiungo, kisha futa kinachobaki nje. Mafuta mengi huokota vumbi na kuwa msasa. Mafuta ya kupikia yaacheni jikoni, yanaganda.

Baada ya kufika

Kurudi ni kwa basi. Ongeeni na kondakta siku moja kabla kuhusu nauli ya baiskeli, toeni gurudumu la mbele na pedali, geuzeni usukani, na mwekeni mwenzenu mmoja asimame kwenye buti wakati wa kupakia.

Ndani ya siku 14 kamilisheni ahadi zote ambazo hazijalipwa, kwa kumpigia mtu simu, siyo kwa ujumbe wa kundi zima. Fundi alipwe kwa awamu: nusu mwanzo, iliyobaki baada ya kamati ya shule kuhesabu madawati na kuyakalia. Yawekewe namba kwa rangi, kwa sababu madawati huhama shule. Kisha tumieni ripoti ya ukurasa mmoja kwa kila mchangiaji: kilichoingia, makato, idadi ya madawati, picha ya risiti, picha ya hati ya makabidhiano yenye mhuri. Gharama za safari ziwekeni kwenye karatasi nyingine, na mwenye kutaka kuziona aonyeshwe.